Newton au Einstein ndani ya programu: vifurushi vitano kwenye mizani ya Nyanda za Juu Kusini

Mchele wa Kyela haupimwi kwa mizani ya sonara, na dhahabu ya Chunya haipimwi kwa mizani ya magunia. Anayeandika programu yenye mwendo, saa au ramani ndani yake anakutana na uchaguzi wa namna hiyohiyo: atumie fizikia ya Newton, au ile ya uhusianifu (relativity) ya Einstein? Wengi huanza kwa kuuliza ipi ni sahihi zaidi. Jibu la swali hilo linajulikana tangu 1915 na halimsaidii mtu kuchagua. Swali la kazi ni hili: programu yako inavumilia kosa la mita ngapi, au la sekunde ngapi? Andika namba hiyo kwanza, ndipo upakue chochote.

Mezani tumeweka vifurushi vitano vya msimbo, vyote vya bure na vya chanzo huria: Box2D, OpenRelativity, RTKLIB, Skyfield na Orekit. Tunavipima kwa macho ya mtu aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe, maana mwinuko wa huku unabadilisha baadhi ya majibu, na bando nalo lina kauli yake.

Hesabu ya kufanya kabla ya kupakua

Namba mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya mwendo: chukua mraba wa mwendokasi, ugawe kwa mraba wa kasi ya nuru, kisha nusu yake. Hiyo ndiyo sehemu ambayo saa inayotembea itachelewa. Ya pili ni ya mwinuko: kila mita moja ya kupanda inaiharakisha saa kwa 1.09e-16 (tunaandika namba kama zinavyokaa kwenye msimbo; e-16 ni kugawa kwa 10 mara 16).

Basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam linakata kilomita 830 hivi. Likienda 80 kwa saa bila kusimama, namba ya kwanza inatoka 2.7e-15, na kwa safari ya saa kumi na ushei saa ya dereva itakuwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya nanosekunde. Mwinuko una nguvu kuliko mwendo. Saa iliyobaki Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, inaitangulia ya Dar kwa nanosekunde 16 kila siku. Linganisha sasa na kristali ya kwatzi ndani ya kompyuta ya kawaida: kupotea sehemu 20 katika milioni si ajabu kwake, na hiyo ni sekunde 1.7 kwa siku, mara milioni mia moja ya athari ya mwinuko. Kwa hiyo seva ya Mbeya ikitofautiana na ya Dar, Einstein asisingiziwe. Angalia kama NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, iko hai.

Hata kimondo kama kile cha Mbozi hakimhitaji. Chuma kikiingia angani kwa kilomita 20 kwa sekunde, namba ni 2.2e-9. Anayetaka kuonyesha anguko la namna hiyo kwenye skrini ahangaike na ukinzani wa hewa na chuma kinavyoyeyuka na kumomonyoka njiani. Kazi iko huko.

Kuna mtego unaowanasa hata waliokwisha kuchagua vizuri. Ukiandika kipengele cha Lorentz (kinachosema saa inachelewa mara ngapi kwa mwendo fulani) kama kilivyo kitabuni, moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha moja toa b2 (b2 ni mraba wa mwendokasi kwa mraba wa kasi ya nuru), namba za biti 64 zinakula jibu lako. Kwa basi letu, ukitoa 1 kwenye matokeo unabaki na 2.89e-15 badala ya 2.75e-15, kosa la asilimia 5. Kwa mtu anayetembea kwa miguu unapata sifuri kavu, kwa sababu chini ya mita 2.2 kwa sekunde hivi, moja toa b2 inarudi kuwa moja kamili. Kwenye namba za biti 32, ambazo ndizo za gemu nyingi, hali ni mbaya zaidi: kila kitu kilicho chini ya kilomita 50 kwa sekunde kinaonekana kimesimama, hata Dunia yenyewe inayozunguka Jua kwa kilomita 30. Dawa ni mstari mmoja, expm1(-0.5*log1p(-b2)), unaotoa moja kwa moja kile kilichozidi juu ya 1. Uko kwenye C na kwenye Python. Kifurushi cha uhusianifu kinachopuuza jambo hili kina jina kubwa na jibu bovu.

Box2D

Hiki ni cha Newton mtupu, kazi ya Erin Catto, na tangu toleo la 3 la 2024 kimeandikwa kwa C. Kwa gemu za pande mbili, zana za kufundishia mekanika na maonyesho ya mashine, kichukue bila kusita. Matoleo ya 2.4 yana ukomo wa mita 2 kwa hatua moja. Kwa hatua 60 kwa sekunde hiyo ni mita 120 kwa sekunde. Maana yake kifurushi kinakataa mwendo mapema mno kabla uhusianifu haujaanza hata kunusika.

Makosa yake halisi yako kwingine. Njia yake ya hesabu huongeza mwendokasi kwanza, halafu ndipo inasogeza kitu. Jiwe likianguka sekunde moja kwa hatua za 1/60, linatangulia mahali pake halisi kwa sentimita 8 kati ya mita 4.9. Toleo la 3 linapogawa kila hatua mara nne kosa hilo linashuka hadi sentimita 2. Kwenye mwendokasi huohuo, uhusianifu ungebadilisha kitu kwenye tarakimu ya kumi na sita baada ya nukta. Anayetaka usahihi apunguze hatua.

Kisha ziko namba zinazonakiliwa kutoka kwenye mafunzo ya watu wa pwani na Ulaya. Wengi huandika mvutano kuwa 9.81. Mbeya ni 9.78 hivi, kwa sababu tuko karibu na ikweta na tuko juu. Tofauti ni asilimia 0.3. Uzito wa hewa nao: usawa wa bahari ni kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, kwenye mita 1,700 ni karibu 1.03. Anayeandika kiigizo cha droni ya kunyunyizia dawa kwenye maparachichi ya Rungwe au Njombe kwa hewa ya pwani atapata mapanga yanayoinua karibu asilimia 19 zaidi ya ukweli, na betri inayodumu kuliko itakavyodumu shambani. Hapo Newton hana kosa. Aliyelishwa namba za mahali pengine ni yeye.

Jambo la mwisho la Box2D: usiweke kitu mbali na kitovu cha ramani. Kwenye kilomita 10, namba ya biti 32 inaruka kwa milimita moja moja, na vitu vilivyotulia huanza kutetemeka.

OpenRelativity

Maabara ya gemu ya MIT ilikitoa hiki kutokana na gemu yao ya 2012. Kinakaa juu ya Unity, programu ya kutengenezea gemu, na wazo lake ni la kupendeza: unaishusha kasi ya nuru hadi mwendo wa mtu anayekimbia, kisha unaona kuta zinavyojikunja, rangi zinavyohama kwa Doppler na mwanga unavyojikusanya mbele ya mchezaji. Kwa mhadhiri wa fizikia wa MUST au Mkwawa anayetaka darasa lione, badala ya kukariri, hakuna mbadala wa karibu.

Lakini kijue kabla hujakipeleka darasani. Mageuzi ya Lorentz yanafanyika kwenye nukta za umbo tu. Ukuta wa pembetatu mbili hautajikunja hata ukimbie vipi. Lazima umbo ligawanywe kwanza liwe na nukta nyingi, na kifurushi kina skripti ya kazi hiyo, ObjectMeshDensity. Ukizidisha mgawanyo, kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ya picha itaanza kukatakata fremu. Vitu vingine zaidi ya mchezaji vinatakiwa viende kwa mwendokasi usiobadilika, hivyo usitarajie mipira inayogongana kwa kanuni za Einstein. Msimbo ni wa Unity ya enzi hizo, na kuuhamishia Unity ya sasa kunadai kurekebisha sheda (msimbo wa kuchora picha) kwa mkono. Unity yenyewe inakula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo pakulia pahali penye intaneti ya waya, siyo kwenye bando la simu.

Kama kifaa cha kufundishia, kizuri. Kama injini ya gemu ya kuuza, hapana.

RTKLIB

Hapa ndipo uhusianifu unapoingia kwenye pesa za watu. RTKLIB ya Tomoji Takasu, ya kukokotoa mahali kutoka kwenye ishara za setilaiti za GPS na nyinginezo, imeandikwa kwa C, leseni yake ni nyepesi, na wapima viwanja wenye vipokezi vya bei nafuu hutumia zaidi tawi lake linaloitwa demo5.

Saa za setilaiti za GPS zinatangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 kwa siku: 45 na ushei za kutangulia kwa sababu mvutano kule ni hafifu, toa 7 za kuchelewa kwa sababu ya mwendo. Mwaka 1977 setilaiti ya NTS-2 iliachwa siku 20 bila kusahihishwa; ilitangulia kwa 442.5e-12 wakati nadharia ilisema 446.5e-12. Tangu hapo saa hupunguzwa mapigo kabla ya kurushwa, kutoka megahezi 10.23 hadi 10.22999999543. Sehemu hiyo haikuhusu wewe mwandishi wa programu. Imeshafanywa.

Na lile dai maarufu kwamba bila Einstein ramani ya simu ingepotea kilomita 11 kila siku, lipokee kwa chumvi kidogo. Kilomita 11 ni mikrosekunde 38 mara kasi ya nuru, sawa. Ila kosa linalofanana kwa setilaiti zote linamezwa na kile kigezo cha nne ambacho kila kipokezi hukokotoa, yaani kosa la saa yake chenyewe. Mahali pako hapasogei kwa kiasi hicho. Kinachokuumiza ni kile ambacho hakifanani kati ya setilaiti na setilaiti.

Nacho ni hiki: mzingo wa setilaiti si duara kamili. Ikikaribia Dunia saa inachelewa, ikienda mbali inatangulia. Msahihisho ni -4.442807633e-10 mara e (kiasi ambacho mzingo umeachana na duara), mara kipeuo cha pili cha nusu kipenyo kirefu cha mzingo, mara sini ya pembe E (inayoonyesha setilaiti imefika wapi kwenye mzingo). Mzingo wenye e ya 0.01 unaleta nanosekunde 23, ambazo ni mita 6.9. Wenye 0.02 unaleta karibu mita 14. RTKLIB inafanya hili kwenye faili la ephemeris.c, na kwa mizingo sahihi ya faili za SP3 inatumia njia ya pili, mara mbili ya zao la nukta la mahali na mwendo, gawanya kwa mraba wa kasi ya nuru. Wanaoandika kikokotozi chao wenyewe kwa Python hujikwaa mahali pawili. Wanachukua saa za SP3 wakidhani zimeshasahihishwa kumbe hazijagusa sehemu hii. Au wanaitumia kanuni ileile kwa GLONASS, setilaiti za Urusi, ambayo vigezo vyake vya saa vimeshalibeba jambo hilo, na hivyo wanasahihisha mara mbili. Dalili ni moja: mabaki ya hesabu yanayopanda na kushuka kama wimbi, kila setilaiti na wimbi lake, kwa mzunguko wa karibu saa 12.

Halafu athari ya Sagnac. Ishara inasafiri sekunde 0.07 hivi, na wakati huo Mbeya imesogea mashariki kwa mita 459 kila sekunde. Hesabu mita 32. Kwa setilaiti iliyo chini kwenye upeo wa macho zinafika karibu 40. Kitaalamu huwekwa kwenye kapu la uhusianifu, lakini ukilitazama vizuri ni Dunia inayozunguka tu, na Newton angelielewa bila shida. Kwenye RTKLIB limo ndani ya geodist. Anayekokotoa umbali kwa Pythagoras peke yake, mahali pake panahama upande wa mashariki-magharibi kwa makumi ya mita.

Sasa jambo ambalo ni letu. Ucheleweshaji wa Shapiro, yaani ishara kuchelewa kwa sababu ya mvutano wa Dunia, ni sentimita 2 hivi. Wapo wanaoupigania huku wameacha kanieneo la hewa kwenye hektopaskali 1013, la usawa wa bahari. Mbeya ni karibu 825. Ucheleweshaji wa hewa kavu juu ya kichwa ni mita 2.3 pwani, mita 1.9 huku. Ni kosa la sentimita 40 na ushei, na kwa setilaiti iliyo nyuzi 15 juu ya upeo linakua hadi mita 1.6. RTKLIB inalikadiria kanieneo kutoka kwenye mwinuko, mradi hujaipa mwinuko wa sifuri.

Kwa kazi ya bikoni za viwanja, yaani besi moja (kipokezi kilichotulia) na rova (kinachotembezwa) ndani ya kilomita 10, habari njema ni kwamba karibu yote haya yanafutika. Vipokezi viwili vinaitazama setilaiti ileile kwa saa ileile yenye kosa lilelile. Ukitoa moja kwa nyingine, Einstein anaondoka pamoja na sehemu kubwa ya hewa. Angalia tu tofauti ya kimo kati ya besi na rova. Besi ikiwa bondeni Uyole na rova mita mia kadhaa juu, hewa haifutiki yote. Anayetumia kipokezi kimoja kwa njia ya PPP ndiye anayehitaji kila msahihisho, na ndiye asiyepaswa kuandika msimbo wake mwenyewe kabla ya kulinganisha na RTKLIB mstari kwa mstari.

Kifurushi hiki ndicho bora kati ya vitano. Ubaya wake ni madirisha ya mipangilio yanayotisha na maelezo yaliyoandikwa kwa mtu anayejua tayari.

Skyfield na Orekit

Skyfield ya Brandon Rhodes, ya kukokotoa mahali pa Jua, sayari na nyota, ni Python. Faili lake la data ya sayari, de421, ni megabaiti 17 hivi na linatosha kuanzia 1900 hadi 2050, kwa hiyo linavumilika hata kwa bando dogo. Likishapakuliwa, kazi inaendelea bila intaneti. Uzuri wake ni kwamba uchaguzi uko wazi: .observe() inakupa mahali pa sayari baada ya kuhesabu muda wa nuru kusafiri, na .apparent() inaongeza upotofu wa nuru na kupinda kwake karibu na Jua. Kupinda huko ni sekunde 1.75 za nyuzi kwa nuru inayogusa ukingo wa Jua, na kwa programu ya kuchomoza kwa jua au paneli za sola hakuna mtu atakayejua. Upotofu ni sekunde 20.5 za nyuzi. Kwenye saa ya mkononi ni sekunde 1.4. Hewa nyepesi ya Mbeya inasogeza saa ya kuchomoza kwa sekunde 20 na zaidi kulinganisha na pwani, na safu ya Loleza kwa dakika nyingi tu. Anza na mlima.

Orekit ni Java, nzito, ya watu wa mizingo. Ina kanuni ya nguvu inayoitwa Relativity ambayo unaiongeza kama unavyoongeza mvutano wa Mwezi. Ufuate mpangilio: ubapa wa Dunia kwanza, kisha Mwezi na Jua, msukumo wa mwanga wa jua, ukinzani wa hewa kwa setilaiti za chini, na uhusianifu mwisho. Kama chanzo chako ni TLE (vigezo vya mzingo vya mistari miwili), uache kabisa, kwa sababu TLE yenyewe ina kosa la kilomita moja hivi siku ya kwanza. Na bila faili la data la orekit-data programu haifiki mbali, kwa hiyo lipakue siku ileile ya kwanza.

Uhusianifu usiohitaji kifurushi

Programu ya mauzo ya duka la pembejeo lenye matawi Uyole, Makambako na Mafinga haitaona mwendo wa nuru popote. Hata hivyo ndiyo inayolihitaji wazo la Einstein kuliko gemu lolote: hakuna "sasa" moja inayotawala matawi yote. Ishara kwenye nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo Mbeya na Dar haziwezi kupashana habari chini ya milisekunde 4, na mtandao ukikatika ni saa nzima. Mifuko ya mbolea ikiuzwa matawi mawili kwa wakati uleule, saa ya kompyuta haiwezi kuamua nani alitangulia. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alilichukua wazo hilo kutoka kwenye uhusianifu maalumu na kulitolea kanuni mwaka 1978.

Kila tawi liwe na kihesabio. Kiongeze moja kabla ya kila tukio. Kila ujumbe ubebe namba hiyo. Anayepokea achukue iliyo kubwa kati ya yake na ya ujumbe, aongeze moja. Namba zikilingana, amua kwa jina la tawi. Usiisome zaidi ya inavyosema: tukio lenye namba ndogo halikuwa lazima chanzo cha lenye namba kubwa. Ukitaka kujua matukio mawili yalitokea bila kujuana, weka orodha ya vihesabio, kimoja kwa kila tawi, na ulinganishe vyote. Na kihesabio kiandikwe diskini kabla ujumbe haujaondoka; umeme ukikatika na kikaanza upya kwenye sifuri, mauzo ya jioni yatajipanga kabla ya yale ya asubuhi.